Ulimi wa Kamati

Kila Jumamosi mchana, akishafunga duka lake la miwani, yule mama alinawa mikono mpaka harufu ya dawa ya kusafishia vioo itoke kabisa, akashuka barabara inayopita nyuma ya gereji ya mabasi, akaingia kwenye kiwanda kidogo cha bia. Siku hiyo hakujipaka manukato, wala hakugusa chakula chenye kitunguu tangu asubuhi. Mjini walimwita Fundi Miwani. Pale kiwandani jina lake lilikuwa Ulimi, maana ubishi wa bia ulipopamba moto, neno la mwisho lilikuwa lake.

Kiwanda chenyewe kilikuwa bohari la zamani la magunia. Nyuma yalisimama matangi ya chuma, na mbele palikuwa na ukumbi wa kuonjea wenye meza ndefu za mbao na kaunta yenye mabomba. Hawakupika kingine ila laga, ile bia ambayo ikishachachuka hulazwa kwenye baridi kwa wiki nyingi ili itulie na kupata ladha yake. Kulikuwa na ya kila siku, na kulikuwa na za msimu. Wakati wa joto ilitoka Kiangazi, nyepesi, yenye uchungu wa hopsi, yale maua ya kuitia bia ukali, unaokaa nyuma ya koo. Wakati wa mvua ilitoka Mawingu, nyeusi kama kahawa, yenye harufu ya mkate ulioungua kidogo pembeni. Mawingu ndiyo iliyowafanya watu wa miji ya jirani wafunge safari kuja.

Wapenzi wa laga walikuwa wengi, lakini Kamati ilikuwa ya watu watatu tu, na jina hilo walijipa wenyewe kwa mzaha. Wa kwanza ni Fundi Miwani. Wa pili ni Dereva, bonge la mtu aliyeendesha malori mpaka mgongo ukamgomea, ambaye alipima bia zote kwa kipimo kimoja: hii ningesimamisha lori, hii ningepunguza mwendo, hii ningepita nikipiga honi. Wa tatu ni Mkutubi, mwembamba, mwenye sauti ya watu waliozoea kunong'ona, mgumu wa kusifu kuliko mtu yeyote pale. Bia ikimpendeza sana alisema haina kosa. Bia ambayo Mkutubi alisema haina kosa iliisha madukani kabla ya Jumatano, au ndivyo walivyopenda kutaniana.

Na aliyeipika bia hiyo alikuwa mdogo wake Fundi Miwani, wa tumbo moja. Wote walimwita Mpishi. Alitoka nyuma akiwa na viatu vyake vya mpira na aproni iliyolowa, akavuta kreti, akaketi kwenye kona ya meza yao kusikiliza hukumu. Hakununa hata walipomsema vibaya. Mwaka mmoja Kamati ilimwambia Kiangazi ina harufu ya sabuni, akainuka bila neno, akaenda kufungua mirija yote na kuiosha upya kwa mikono yake. Dada yake alijivunia hilo kuliko bia yenyewe.

Alikuwa na haki ya kujivuna. Mama yao alifanya kazi hospitalini, zamu za mchana na za usiku, na huyu mdogo alikulia mgongoni mwa dada yake. Mchezo wao wa utotoni ulikuwa wa pua. Dada alimfunga macho kwa leso, akampitishia vitu chini ya pua, karafuu, kiberiti kilichozimwa, ganda la chungwa, chuma chenye kutu, na mtoto akataja kimoja kimoja. Alipokua na kwenda kujifunza upishi wa bia, watu wa ukoo walishangaa. Dada yake hakushangaa hata kidogo.

Mwaka huo, mvua zikiwa zimekaribia, Mpishi alikuja dukani kwake asubuhi ya siku ya kazi. Aliegemea kabati la fremu, akaulizia afya, akaulizia watoto, akazunguka sana kabla ya kufika alikokuwa anaenda. Mwisho akasema mwenye kiwanda anataka kutengeneza bango la Mawingu ya mwaka huu, na wamekubaliana pasitumike msichana wa kukodiwa mwenye meno meupe. Anatakiwa mtu halisi, mtu ambaye mji unamjua na kumwamini.

"Dada, ni wewe tu," alisema.

Fundi Miwani alicheka, akauliza tangu lini sura ya mama wa makamo inauza bia. Lakini alikwenda. Alimkuta mpiga picha na taa zake ukumbini, akaketishwa kwenye meza yao ileile, na mdogo wake akamletea glasi kutoka nyuma, akaiweka mbele yake kwa mikono miwili. Povu lilikuwa la rangi ya kahawia, zito, halina haraka ya kushuka. Alinusa. Akanywa, akafumba macho. Mkate ulikuwepo, na nyuma ya mkate kulikuwa na kitu kama ndizi kavu, na nyuma yake tena uchungu mdogo uliokuja kufunga mlango taratibu. Mawingu ya miaka iliyopita ilikuwa nzuri, lakini hii ilikuwa imekomaa.

"Hii imelala mpaka ikaamka yenyewe," alisema, akiwa hata amesahau kwamba anapigwa picha. "Sijawahi kuonja Mawingu kama hii."

Maneno hayo ndiyo yaliyoandikwa kwenye bango, kwa herufi kubwa kama mikate, juu ya uso wake uliofumba macho. Bango moja lilitundikwa juu ya kaunta ya kiwanda, mengine madukani, na jingine kubwa likakaa mkabala na stendi ya mabasi. Wateja wa miwani walimtania. Dereva alimpigia saluti barabarani. Na yeye, ingawa alijifanya kuona haya, alipitia stendi mara kadhaa bila shida iliyompeleka huko.

Jumamosi ya uzinduzi ukumbi ulifurika. Kamati ililetewa glasi zake kabla ya watu wengine. Fundi Miwani alinyanyua yake, akanusa. Aliinusa tena. Rangi ilikuwa ileile, lakini povu lilikuwa limeshaanza kutoboka kama sabuni ya kufulia. Akanywa. Utamu ulikuja mbele mara moja, kama wa pipi, kisha nyuma yake hakukuwa na kitu. Chumba kitupu.

Ulimi wake ulijua papo hapo. Yeye ndiye aliyekataa kujua. Alijiambia ana mafua. Alijiambia glasi hazikusuuzwa vizuri, kwa wingi wa watu, au pipa la leo limepigwa jua njiani.

Dereva alikunywa, akajikuna kidevu, akasema kwamba labda angepunguza mwendo. Aliisema kwa sauti ya mtu anayemwonea mwenzake huruma. Mkutubi alikunywa nusu, akaisogeza glasi katikati ya meza.

"Hii siyo," alisema.

"Siyo nini?" Fundi Miwani aliuliza.

"Siyo Mawingu. Hii imetiwa sukari, na haikulala."

Lingesemwa mahali pengine, angelimeza. Lakini pale juu ya kaunta uso wake mwenyewe ulikuwa unawatazama, macho yamefumbwa kwa raha. Akaanza kutetea. Akasema wapishi wana haki ya kubadilisha mkono, akasema kuna watu wakizoea kitu hawataki kipya. Mkutubi alijibu kwa ile sauti yake ya chini kwamba anajua tofauti ya kipya na kibovu, na kwamba na yeye Fundi anaijua, kwa hiyo haelewi wanabishania nini. Meza za jirani zilikuwa zimeanza kugeuza shingo. Damu ilimpanda.

"Tangu mkeo akuhame hakuna kitu duniani kinachokupendeza," alisema. "Usije ukatumwagia nyongo yako sisi."

Mkutubi alimtazama kidogo, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa na asiwe na hakika. Kisha akachukua koti lake, akaaga kwa adabu, akamuaga Dereva kwa mkono, akaondoka. Dereva alibaki akiitazama meza. Fundi Miwani aliimaliza glasi yake mpaka tone la mwisho, na kila funda lilimthibitishia kwamba Mkutubi alikuwa amesema kweli.

Mpishi hakutoka nyuma siku hiyo. Walisema amezidiwa na kazi.

Wiki iliyofuata Fundi Miwani aliionja Mawingu mahali pengine, kwenye baa moja karibu na soko, akijipa moyo kwamba pipa litakuwa jingine. Ilikuwa pipi ileile, chumba kitupu kilekile. Kisha alikuja dukani mzee mmoja, seremala, kuchukua miwani yake ya kusomea. Mzee alijaribu miwani, akasoma kadi ya herufi mpaka chini, akashukuru. Alipokuwa anafunga kasha akasema, kwa upole kabisa, kwamba ameliona bango, na kwa sababu ni yeye aliyesema, alinunua kreti zima kwa ajili ya wageni wake. Hawakuimaliza. Akaongeza haraka kwamba huenda wao hawajui bia.

"Sisi ni watu wa kawaida," mzee alisema, akitabasamu. "Wewe ndiye unayejua."

Alipotoka, Fundi Miwani alikaa kwenye kiti cha wagonjwa, kile cha kupimia macho, taa zikiwa zimezimwa. Angetukanwa, asingeumia vile. Mzee wa watu alikuwa ameuamini ulimi wake kuliko ulimi wa mdomoni mwake mwenyewe.

Hakungoja Jumamosi. Kesho yake asubuhi alikwenda kiwandani, akapita mlango wa nyuma kama alivyozoea. Mdogo wake alikuwa anaosha tangi kwa mpira wa maji, mvuke umemzunguka. Alipomwona dada yake alifunga maji. Hakumuuliza kulikoni.

Chumba cha baridi kilikuwa wazi. Pale palipokuwa na matangi ya kulaza bia, yaliyolala kwa mstari kama ng'ombe zizini, palikuwa na mashine mpya ya kujazia chupa. Matangi ya kulaza yalibaki machache, pembeni. Ukutani yalipangwa madumu ya plastiki yenye kimiminika kizito cha rangi ya asali. Alifungua kifuniko kimoja, akanusa. Haikuwa asali.

"Inalala muda gani sasa?" aliuliza.

"Hailali, dada," Mpishi alijibu. "Siku chache tu, kisha inachujwa."

Akamweleza. Mwenye kiwanda alikuwa ameingia makubaliano ya kujaza maduka ya mkoa mzima, na bia ya kulala wiki nyingi haiwezi kujaza mkoa mzima. Kimea, ile nafaka iliyooteshwa, kimepunguzwa, mahali pake pakawekwa sharubati ya sukari, na rangi inatiwa. Yeye Mpishi alipinga. Alipinga mara ya kwanza na ya pili. Ya tatu aliambiwa wapo vijana wengi wanaojua kufungua dumu.

Dada yake alimsikiliza mpaka mwisho. Hayo yote yalimuumiza, lakini aliweza kuyaelewa. Kulikuwa na jambo moja tu ambalo hakulielewa.

"Ile niliyopewa siku ya picha ilitoka wapi?"

Mpishi aliushika ule mpira wa maji kwa mikono miwili kama unaoweza kumponyoka.

"Ilikuwa ya mwaka jana. Nilibakiza pipa moja, nikalificha kwenye baridi."

"Nani alilijua hilo?"

"Mimi na mwenye kiwanda."

"Na nani alinimiminia?"

"Mimi, dada. Uliniona."

Alikuwa amemwona. Aliikumbuka mikono miwili ikiiweka glasi mezani. Akashika ukingo wa tangi, na chuma kilikuwa bado cha moto, akauondoa mkono.

"Mji una watu wangapi," alisema. "Kwa nini mimi?"

Mpishi hakujitetea, na huenda ndiyo sababu jibu lake lilimkata maini kuliko uongo wowote.

"Kwa sababu hujui kudanganya. Ningekupa hii ya sasa, uso wako ungesema kila kitu. Tulihitaji uso wako useme kweli."

Fundi Miwani alirudi dukani kwa miguu, akapita njia ndefu ili asiione stendi. Alikuwa ameshawahi kudanganywa maishani, kama kila mtu. Mchumba alimdanganya, msambazaji wa vioo alimdanganya. Lakini wale walimfanya aamini uongo. Huyu, aliyekulia mgongoni mwake, alichukua ukweli wake mzima mzima, ukiwa mtamu mdomoni, akaufanya uongo bila yeye kubadilisha hata neno. Na mchezo wa leso machoni nani alimfundisha, kama si yeye.

Alimtumia ujumbe wa mambo mawili: mabango yashushwe, na yeye Mpishi aje Jumamosi mezani aseme mbele ya watu kilichofanyika. Jibu lilikuja kwamba mabango si yake, ni ya kampuni. Kuhusu Jumamosi hakujibu. Na Jumamosi hakuja. Dada yake alikaa na Dereva kwenye meza ile ndefu, kiti cha Mkutubi kitupu, akamweleza Dereva mambo yote bila kuficha. Dereva alisikiliza, akavuta pumzi, akasema aliwahi kubebeshwa mzigo wa magendo na rafiki yake wa kufa na kuzikana, chini ya magunia ya chumvi, na kwamba alichokikumbuka mpaka leo si polisi, ni jinsi rafiki yule alivyomtakia safari njema akimkumbatia. Walitoka wakaziacha glasi zimejaa.

Wifi yake, mke wa Mpishi, alikuja nyumbani. Alikuja na maneno laini: kwamba Mpishi halali, kwamba watoto bado wanasoma, kwamba mambo ya bia yasije yakavunja ukoo. Fundi Miwani alimpokea vizuri, akampa chakula, akamwambia kwamba kama mdogo wake angekuja kumwomba akae kimya kwa ajili ya watoto, huenda angekaa kimya. Angemeza, angeumia peke yake. Lakini hakuombwa. Alipakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Wifi akavunja vidole, akaaga.

Kwa Mkutubi alikwenda mwenyewe, saa za kazi, akasimama mbele ya dawati lake kati ya rafu za vitabu, na kwa sababu ya mahali penyewe ikabidi aombe msamaha kwa kunong'ona. Alimwambia kwamba alisema kweli kuhusu bia, na kwamba yeye alijua kwamba ni kweli alipokuwa anambishia. Mkutubi alivua miwani yake, ambayo ni yeye aliyemtengenezea, akaifuta kwa shati.

"La bia nilikusamehe kabla sijafika nyumbani," alisema. "Lile la mke wangu bado. Nipe muda."

Fundi Miwani alisema atampa. Hakuwa na haki ya kudai zaidi, na alishukuru kwamba angalau kuna mtu aliyemwambia jambo kama lilivyo.

Mabango yalikaa mpaka mvua zilipokwisha, na Mawingu iliuzika kuliko miaka yote. Mwenye kiwanda alimtumia salamu za pongezi. Kila mteja aliyemtania kuhusu bango, Fundi Miwani alimwambia palepale kwamba alichoonja yeye sicho kinachouzwa. Wengine waliguna, wengine walidhani amegombana na mdogo wake juu ya urithi. Kwa mzee seremala tu ndiko alikokwenda mwenyewe, mpaka kwenye karakana yake, akamwambia habari yote akiwa amesimama kwenye taka za mbao. Mzee akasema basi ulimi wake mwenyewe haukuwa na kasoro. Alionekana kufurahi. Fundi Miwani alirudi akiwa mwepesi kidogo, ingawa si sana.

Mbingu ilipokauka na joto kurudi, Mpishi alitokea dukani jioni moja. Alikuwa amekonda. Alimwamkia dada yake kwa heshima, akaketi kwenye benchi la wateja, na baada ya habari za watoto akatoa kwenye mkoba chupa isiyo na lebo. Ilikuwa Kiangazi. Alisema hii ameipika yeye mwenyewe tangu mwanzo, kimea kitupu, imelala muda wake wote. Amebishana na mwenye kiwanda mpaka akamruhusu. Aliomba dada yake aionje tu, asinukuliwe, asipigwe picha, amwambie kama hopsi zimezidi.

Dada yake aliweka chini bisibisi ndogo aliyokuwa anakazia fremu. Aliitazama chupa. Ilikuwa imetoka jasho, na laga ndani yake ilikuwa safi kiasi kwamba aliweza kuona vidole vya mdogo wake upande wa pili.

"Inawezekana kabisa humu mna bia nzuri," alisema. "Hilo naweza kuliamini bila kuonja. Nisichoweza kuamini ni kwamba hii ndiyo watakayouziwa watu."

"Ni hii, dada. Naapa."

"Chupa ikiwa mkononi mwako, siwezi tena kujua."

Mpishi aliinamisha kichwa. Dada yake akamsogezea kikombe cha chai, akamuuliza kuhusu jino la mtoto wake mdogo, lile lililoota vibaya, na Mpishi akaanza kueleza, kwanza kwa shida, halafu vizuri zaidi, habari za daktari na waya za meno. Waliongea mpaka taa za barabarani zikawaka. Chupa ilisimama kati yao juu ya kaunta, imefungwa, jasho likikauka. Mpishi alipoinuka kuondoka aliirudisha mkobani bila kuambiwa, akauliza kama anaweza kuja tena wiki ijayo.

"Njoo," alisema dada yake. "Njoo mikono mitupu."